Muhogo wa Uwandani na Jua la Kiangazi

Ndugu mkulima, leo tunaanza na suali. Mama mmoja wa Wilaya ya Kusini alimsimamisha bwana shamba njiani akamwambia hivi: "Muhogo wangu ni ule ule wa siku zote. Mbegu nimeikata katika konde langu mwenyewe. Mwaka jana tuliutafuna mbichi na watoto, hapo hapo kondeni. Mwaka huu mchungu kama shubiri, na mwanangu wa mwisho kautapika. Jee, nimerogwa, au mbegu yangu imebadilishwa?"

Bwana shamba alimjibu kwa neno moja: jua. Alisema kweli, lakini alikuwa na haraka, na suali kama hili halifai kujibiwa na mtu mwenye haraka. Ndani yake mna habari ya miaka mia mbili na zaidi, kuanzia merikebu za watu wa mbali mpaka vijiji vya Msumbiji ambako watu zaidi ya elfu moja walipatwa na maradhi ya miguu wasipone. Basi kaa kitako, tuizungumze habari hii taratibu.

Mtu wa Makunduchi, Jambiani, Paje au Bwejuu hana haja ya kuelezwa uwanda ni nini. Lakini wako wenzetu wa Mahonda na Kizimbani waliozowea udongo wa kinongo unaopokea jembe, ambao wakipelekwa mashariki wataona vichaka na mawe tu, na watauliza watu wa huku wanalima wapi. Ardhi hiyo ni jiwe la matumbawe lililoinuka kutoka baharini zamani za zamani. Juu yake pana udongo mwembamba, pengine kina cha kiganja, na pengine hamna kitu ila ndani ya mashimo na nyufa. Wenyewe huiita uwanda, na pale penye mawe matupu huita maweni. Mvua ikinyesha, maji hupita katika jiwe kama yanavyopita katika chujio, yakenda zake chini. Unguja hupata mvua ya wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, na hiyo si haba. Lakini mvua ya kisiwa kizima haimfai kitu mmea ambao maji yake yamekwisha kupotea chini ya jiwe.

Tena huja kaskazi. Kuanzia Disemba mpaka Machi upepo hutoka kaskazini-mashariki, joto la mchana hupita nyuzi 30, na jiwe lenyewe hulirudisha joto juu kama tanuri. Katika ardhi hii Wahadimu, kwa muo na kwa moto wa kuchomea kichaka, waliishi kwa mtama, mbaazi, choroko, kunde na pilipili. Na muhogo.

Muhogo si mwenyeji wa hapa, ingawa ukimwambia hivyo mtu wa Unguja atakucheka. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Brazili, ambako wenyeji waliulima maelfu ya miaka kabla ya Mzungu yeyote kuuona. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika, penye mlango wa mto Kongo, katika karne ya 16. Huku kwetu ulichelewa. Wareno hao hao walikaa pwani yetu karibu miaka mia mbili, na hata hivyo muhogo haukushika. Ulianza kuenea katika karne ya 18, baada ya Wafaransa kuupeleka Mauritius na visiwa jirani ili kuwalisha watumwa wa mashamba yao. Na merikebu za Kifaransa ndizo zilizokuwa zikija Kilwa na Unguja kununua watu. Habari hii haipendezi kusimuliwa, lakini ndiyo njia ambayo chakula chetu kimepitia. Karne hiyo ilipomalizika, muhogo ulikuwa umekwisha kuonekana Unguja.

Kisha ikaja mikarafuu. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, ardhi nzuri ya magharibi ilijaa mikarafuu na minazi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Na baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, watu wengi walibaki katika mashamba yale yale kwa mapatano ya mdomo: wao wapalilie mikarafuu, mwenye shamba awaachie wapande muhogo chini yake, ila wasipande miti ya kudumu. Kwa hivyo muhogo ukawa chakula cha mtu asiye na ardhi, kwa kuwa ni mmea ambao mtu anaweza kuung'oa na kuhama nao, mbegu ikiwa begani. Baada ya uchaguzi wa 1957, baadhi ya wenye mashamba walipowafukuza wakaazi wao kwa sababu za siasa, ugomvi ulikuwa wa makonde ya muhogo kama ulivyokuwa wa kura. Eka tatu tatu zilipoanza kugawiwa wananchi mwaka 1965, wengi walipanda muhogo kwanza. Mgomba ungeweza kungoja.

Mjini nako muhogo haukudharauliwa. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, limepokea magunia ya muhogo kizazi baada ya kizazi, na hapana bibi wa Mkunazini au Malindi aliyenunua muhogo kwa macho peke yake. Huuvunja ncha, akatazama weupe, akatia kipande kidogo ulimini, akangoja. Ukiwa mchungu, anaurudisha bila ya kusema neno. Bibi huyo hakusoma kemia, lakini alikuwa akifanya kazi ya maabara.

Hebu tuutazame mmea wenyewe. Simama kondeni mwezi wa Januari, saa sita za mchana. Mahindi yamejikunja, tungule zimelala. Muhogo umeinamisha majani yake chini, kama mwavuli uliofungwa nusu, jua lisiyapige usoni. Usidhani umenyauka, jioni utayaona yamenyanyuka tena. Kila jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho, ambayo mmea huyatumia kuvuta hewa, na kwa matundu hayo hayo maji hupotea. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto kule Cali, Kolombia, waligundua katika miaka ya 1980 kwamba muhogo huyafunga matundu hayo mara hewa inapokuwa kavu, hata kama udongo bado una maji. Mimea mingi hungoja mpaka mizizi ipate shida. Muhogo haungoji.

Katika jani hilo hukusanyika upesi kemikali iitwayo asidi ya abisiki, ambayo kazi yake ni kama ya tarishi: hupeleka amri matundu yafungwe na majani machanga yaache kukua. Ukame ukizidi, mmea hupukutisha majani ya chini, ukabaki na machache ya kileleni. Mizizi membamba huteremka katika nyufa za jiwe kutafuta unyevu ambao mtama haufiki. Na masika yakija, huchipua upya kwa wanga uliouweka akiba. Kwa sababu hii wazee wa uwandani walisema kwamba mtama ni wa kujaribu bahati na muhogo ni wa kuishi.

Lakini mmea wenye majani machache, na usioweza kuyaotesha mengine mpaka mvua ije, una adui zaidi ya jua. Wako panzi, panya, kima na nguruwe mwitu. Jani moja likiliwa wakati huo ni hasara isiyolipika. Ndipo utaona kwamba mimea mingi ya ardhi kavu imejaa kitu kikali ndani yake. Mshubiri una utomvu ambao mama zetu walikuwa wakiupaka chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, sina haja ya kuueleza. Pilipili ya uwandani, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa ikisafirishwa ng'ambo kutoka bandari yetu, humfukuza panya kwa ukali wake, lakini ndege hausikii ukali huo hata kidogo. Yeye huila, akaruka, akaidondosha mbegu mbali. Ndiyo maana pilipili huota mahali ambapo hapana mtu aliyeipanda.

Silaha ya muhogo inaitwa linamarini. Ni sukari iliyofungwa pamoja na sumu ya sianidi, na muda ilipofungwa haimdhuru mmea. Jirani yake, katika kuta za chembe za mmea, mna kimeng'enya chenye uwezo wa kulifungua fundo hilo. Viwili hivi huishi nyumba moja vyumba mbalimbali, wala havikutani mpaka jino litafune, au jembe likate, au mchi uponde. Hapo kuta huvunjika, fundo hufunguka, na sianidi hutoka. Linamarini hutengenezwa zaidi katika majani, kisha huteremka mizizini. Ganda la muhogo lina nyingi kuliko nyama yake.

Sasa turudi kwa mama wa Kusini. Wakati wa ukame mzizi haunenepi, kwa sababu maji hamna na wanga mpya ni kidogo. Linamarini lakini huendelea kuteremka, na mmea wenyewe huzidisha kuitengeneza. Wako wataalamu wanaosema ni ulinzi dhidi ya walaji. Wako wanaosema ni akiba ya naitrojeni, kwa kuwa linamarini ina naitrojeni ndani yake, na mmea huihifadhi ili iwe tayari mvua ikirudi. Mimi naona hoja zote mbili zinaweza kukaa pamoja, mfano wa ghala lenye kufuli: ni ghala, na ni kufuli. Vyovyote iwavyo, muhogo ule ule, katika konde lile lile, mwaka wa ukame huwa na sumu nyingi kuliko mwaka wa mvua. Unga uliopimwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji, mwaka wa mvua chache ulikutwa na sumu zaidi ya mara mbili ya ule wa mwaka wa kawaida. Na hata huo wa kawaida ulikuwa umepita mbali kipimo cha miligramu 10 kwa kila kilo ya unga, ambacho mashirika ya dunia ya chakula na afya yamekiweka kuwa ndicho salama.

Kwa nini tukaipima Nampula? Hapa naomba ndugu msomaji usikilize kwa makini.

Mwaka 1938 daktari Mtaliana, Giovanni Trolli, aliandika habari za maradhi yaliyoonekana katika nchi ya Kwango, kusini-magharibi ya Kongo. Wayaka, wenyeji wa huko, waliyaita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu, aghalabu mwanamke wa umri wa kuzaa au mtoto, huwa mzima kabisa. Siku moja anainuka kwenda zake, au anarudi kutoka safari ndefu ya miguu, na miguu inakaza, inatetemeka, haimchukui. Wengine hubaki wakitembea kwa ncha za vidole. Wengine hutembea kwa magongo mawili, na wengine hawatembei tena. Akili ni timamu. Maradhi hayazidi baada ya siku zile za mwanzo, lakini pia hayarudi nyuma, na mpaka leo haijapatikana dawa ya kuyaondoa.

Mwaka 1981 Nampula ilikuwa katika ukame mkubwa. Mahindi yalikufa, mtama ulikufa, kunde zilikufa. Uliosimama ni muhogo mchungu. Watu wa huko walikuwa wakijua vizuri sana kwamba muhogo huo hauliwi hivi hivi: humenywa, ukakatwa, ukaanikwa juani wiki kadhaa ndipo ukapondwa unga. Lakini mtoto analia leo, na wiki kadhaa ni nyingi. Wakaula mapema. Taarifa ya kwanza iliyofika kwa wakubwa wa afya ilidhania ni polio. Walipokwenda kutazama, katika wilaya ya Memba na jirani zake, walihesabu wagonjwa zaidi ya 1,000. Wenyewe waliyaita maradhi hayo mantakassa. Daktari Julie Cliff na wenzake wa Wizara ya Afya ya Msumbiji waliposhika mkojo na damu za wagonjwa, na muhogo waliokuwa wakiula, njia zote zilielekea kwenye sianidi.

Nchi yetu haikupona. Mwaka 1985, katika ukame, maradhi yale yale yalizuka Tarime, mkoa wa Mara. Daktari William Howlett na wenzake waliwachunguza wagonjwa, na Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe akaendelea miaka mingi kuufuata muhogo wenyewe, nyumba kwa nyumba. Kule Masasi, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilikutwa kwamba katika miezi ya njaa watu walikuwa na unga wa haraka: muhogo mbichi mchungu hupondwa, huanikwa, hupondwa tena, na jioni unapikwa. Walikuwa wakiumwa kichwa, wakitapika, wakizunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana tena katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma.

Wala usidhani ni njaa peke yake. Katika jimbo la Bandundu, Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopatikana, wachuuzi walikuja na malori kununua muhogo. Desturi ya huko ilikuwa kurowesha muhogo mchungu majini siku tatu. Lori halingoji siku tatu. Watu wakaroweka siku moja, na konzo ikaongezeka katika vijiji vilivyokuwa vikiuza sana. Basi unaona, ndugu yangu, ukame unazidisha sumu, na haraka inaiacha ndani. Vikikutana viwili hivyo, ndipo watu wanapoanguka.

Msomaji wa Unguja ataniuliza: sisi tumekula muhogo miaka yote hii, mbona hatukuvunjika miguu? Suali zuri. Kwanza, wazee wetu walichagua muhogo mtamu, wa kuchemsha, wa kutia nazi, wa kuchoma, na uliochungu waliuacha au waliufanya makopa. Bibi wa Darajani anayevunja ncha ni sehemu ya ulinzi huo, kwa sababu mkulima aliyerudishiwa gunia lake mara mbili habaki na mbegu ile. Pili, na hili ni kubwa zaidi, tuna bahari. Mwili wa binadamu una njia yake ya kuiondoa sianidi: huigeuza kuwa kitu kisicho kikali na kuitoa kwa mkojo. Lakini kazi hiyo inataka salfa, na salfa hiyo hupatikana katika samaki, mayai, nyama, na kiasi katika kunde. Muhogo kwa dagaa, bada kwa papa mkavu, muhogo wa nazi na changu wa kukaanga: aliyeviunga vyakula hivi alikuwa akitafuta ladha, na kumbe alikuwa akipata na kinga. Wale wa Memba na Tarime sahani yao ilikuwa muhogo juu ya muhogo.

Tatu, tuna kisamvu. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi, na mtu asiyejua angeogopa kuyala. Lakini mama zetu huyaponda katika kinu mpaka yakawa laini kabisa, ndipo yakachemshwa muda mrefu kabla ya kutiwa nazi. Kuponda ndiko kunakovikutanisha vile vitu viwili vilivyokuwa vyumba mbalimbali, na sumu ikatoka kabla ya kufika tumboni. Kisamvu kilichokatwakatwa kwa kisu tu na kuchemshwa kidogo si kisamvu kile kile, hata kikiwa na nazi ya namna gani.

Ulinzi huu umepata kujaribiwa. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliokuwa ukija Unguja kutoka huko ulikatika. Serikali ya wakati ule ikahimiza chakula cha hapa hapa, na mwenye konde la muhogo akawa mtu mwenye heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao, muhogo ukarudi tena katika kila chungu, mjini na shamba. Wazee waliokula muhogo asubuhi, mchana na usiku katika miaka hiyo bado wapo, na wengine hawataki kuuona. Siwalaumu.

Hata hivyo haifai tujione tumesalimika moja kwa moja. Mbegu zinabadilika. Batobato na michirizi ya kahawia vimeyaangamiza makonde mengi ya muhogo wa asili. Ugonjwa huu wa michirizi ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya utafiti Amani, milima ya Usambara. Kituo cha utafiti cha Kizimbani kilitoa mwaka 2007 mbegu nne zinazostahimili michirizi, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, na zimewasaidia wengi waliokuwa wamekwisha kukata tamaa. Zipande. Lakini mkulima asichukue mbegu yoyote mpya kwa jina tu akadhani jina ni hati ya utamu. Linamarini hufuata mbegu, ndiyo, lakini hufuata pia udongo na mvua. Mbegu tamu ya kinongo huweza kuwa chungu kwenye maweni mwezi wa Februari. Na mvua za vuli, kama nyote mnavyoona, siku hizi hazina miadi.

Jua linaloujaza muhogo sumu ndilo hilo hilo linaloutoa. Sianidi ikishafunguliwa kutoka kwenye fundo lake huruka katika joto la nyuzi 26 tu, nalo ni joto la kawaida la asubuhi yetu. Tabu iko katika kulifungua fundo. Ukiukata muhogo vipande vikubwa ukauanika, hukauka upesi nje, kimeng'enya kikakosa maji ya kufanyia kazi, na sumu ikabaki imefungwa ndani ya kopa jeupe zuri la kupendeza. Kwa hivyo makopa ya muhogo mchungu yanataka kuroweshwa kwanza siku tatu mpaka yalainike, au kukunwa au kupondwa mabichi na kuachwa, ndipo yaanikwe.

Na kama unga umekwisha kusagwa na unautilia shaka, iko njia iliyotolewa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, ambayo haigharimu hata senti. Tia unga katika bakuli, uchanganye na maji mpaka uwe rojo zito, kisha utandaze juu ya jamvi au sinia, unene usizidi sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Maji hukiamsha kimeng'enya kilichobaki katika unga, nacho humaliza kazi yake, na sumu huruka. Halafu unasonga bada siku ile ile, kwa sababu unga uliolowa haulali. Kuanzia mwaka 2010 kina mama wa wilaya ya Popokabaka, Kongo, walifundishwa njia hii, na katika vijiji walivyoishika hawakupatikana wagonjwa wapya wa konzo katika muda waliotazamwa. Wenyewe walisema pia kwamba ugali wake hauna uchungu, na nadhani hilo ndilo lililowafanya waendelee.

Muhogo wa kuchemsha nao umenye vizuri, ukate vipande vidogo, uanze na maji baridi mengi, uache chungu wazi, na maji hayo ya kwanza uyamwage. Wa kuchoma hauna maji ya kumwaga. Kwa hivyo uchome mtamu tu, na uliokuwa na hata chembe ya uchungu usiuweke jikoni.

Basi mama yetu wa Kusini, konde lako usiling'oe. Mashina uliyonayo yaache ardhini mpaka masika yashike na mizizi inenepe, kisha onja tena, na uchungu ukiwa umepungua ujue ilikuwa ni kiangazi. Ukibaki vile vile, mbegu hiyo ifanye ya makopa, na mwombe bwana shamba akupatie nyengine. Watoto wasitafune muhogo mbichi kondeni mwaka huu. Sahani ya muhogo isikose dagaa au kunde. Na yule mdogo aliyetapika, akitapika tena baada ya kula muhogo, au akizunguliwa, au akilegea, au akihema kwa tabu, usingoje asubuhi. Mchukue hospitali, na wakati daktari anapomtazama mwambie kwamba alikula muhogo.